Mwalimu Taisto na Kikombe Kilichofichwa

"Mgeni rasmi, Bi. Raakel Hietala, Mkuu wa Elimu wa manispaa yetu, mwalimu mkuu, wazazi mlioacha viatu vya matope mlangoni: sisi wanafunzi wa karakana ya Lehtola tunawakaribisha kwa mikono miwili. Kahawa ipo, maandazi ya mdalasini yapo, na vumbi la mbao likiwashika soksi, mtusamehe."

Risala waliitunga wanafunzi kumi na wanne, wakagombania kila sentensi, lakini kuisoma aliachiwa Saimi, msichana wa darasa la tisa aliyezoea randa kuliko kalamu. Dirishani alisimama Mwalimu Taisto, mikono mfukoni, kama vile anazungumziwa mtu mwingine. Kuanzia Agosti alikuwa anahamishiwa shule mpya ng'ambo ya mto, na aliyetia saini uhamisho huo ni huyohuyo mgeni rasmi.

"HISTORIA YETU

Mgeni rasmi, karakana hii ilianza na watoto walioshindikana darasani. Mwalimu Taisto hakutuambia tutulie. Alitupa kipande cha mti na swali moja: unamchongea nani? Jina la mtu huyo unaliandika chini ya kazi kabla hujagusa kisu. Huna jina, hupewi kisu. Huyu anayekusomea alipofika darasa la saba hakuweza kukaa dakika tano..."

"Tatu!" Jalmari, mwanafunzi mwenzake, alidakia kutoka nyuma. "Dakika tatu, na mbili kati ya hizo alikuwa anatukana!"

Watu wakaangua kicheko. "Nyamaza wewe, tutaonana baadaye," Saimi alimjibu, akaendelea.

"MAFANIKIO

Leo anakaa saa mbili. Akichoka anageuza kazi, anasoma jina la bibi yake, anaendelea. Jalmari huyo aliyekuwa akitoroka hesabu sasa anapima pembe bila kusukumwa, kwa sababu kigari cha theluji anachomtengenezea mjomba wake kikipinda, mjomba ataanguka nacho. Hatumalizi kazi kwa kuogopa adhabu. Tunamaliza kwa sababu kuna mtu anaisubiri.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, tuseme wazi: tuna wivu. Shule mpya ina madirisha hadi darini, mashine za kunyonya vumbi, na meza za kupanda na kushuka. Sisi tuna jiko la kuni na Taisto. Sasa na Taisto naye mnawapelekea haohao! Hivi wao ni kitu gani ambacho hawajapewa?"

Hapo akakwama. Sentensi iliyofuata ilisema: Tunawatakia kila la heri wenzetu wa shule mpya. Hiyo hakutaka kuisoma, na sababu ilikuwa Enni.

Mwezi Aprili wenzao hao walikuja kuitazama karakana. Enni, msichana asiyetulia, alikasirika akatupa randa sakafuni. Mwalimu Taisto hakumfokea. Alimkalisha kwenye kigoda cha Saimi, cha Saimi jamani, akampa kikombe cha mti alichokuwa akikichonga mwenyewe. Mwalimu huchonga kimoja tu kila mwaka ampe mwanafunzi mmoja, na mkoa mzima wa Kainuu hakuna anayejichongea kikombe cha mti; unasubiri upewe. Saimi alikuwa amesubiri miaka mitatu bila kumwambia mtu. Siku hiyo alimtazama Enni akikichimba saa nzima, kimya, ulimi nje, na wivu ukamchoma hadi akashindwa kula chakula cha mchana. Enni aliondoka kabla hajakimaliza, akakiacha mezani.

"Sentensi inayofuata siisomi," alisema. "Ni uongo."

"Saimi, soma kilichoandikwa," mwalimu mkuu alimnong'oneza.

Badala yake alikwenda kwenye kabati lake, akarudi na kitu kilichofungwa kwa kitambaa.

"Mwalimu, kikombe unachokitafuta wiki hizi zote nilikificha mimi. Nilimwonea Enni wivu. Sikukigeuza hata siku moja, sikutaka kuliona jina lake. Mgeni rasmi, nakuomba umpelekee mwenyewe."

Bi. Raakel aliweka kahawa chini. Alifungua kitambaa, akakigeuza kikombe, akavaa miwani.

"Hapa hapakuandikwa Enni, binti yangu," alisema. "Pameandikwa Saimi."

Taisto alikohoa.

"Nilimuuliza Enni anataka kumchongea nani, akasema hapa hamjui mtu," alisema. "Nikampa hiki chako nilichokuwa nakuchongea. Akaniuliza, huyo Saimi yukoje? Nikamwambia, kama wewe tu."

Saimi alitamani sakafu ipasuke aingie. Akachomoa penseli sikioni, akafuta na kuandika upya kwenye risala, akasoma.

"MAOMBI

Mgeni rasmi, tulikuwa na ombi moja, Mwalimu Taisto asiguswe. Sasa tunaomba aende kwao siku mbili kwa wiki, maana huko kuna msichana ana kazi hajaimaliza..."

"We Saimi, nani kakutuma?" Jalmari alipiga kelele. "Mbili nyingi! Moja!"

"Mbili. Na tatu ni zetu. Hizo tatu hatugawi, hata mtuletee meza za kupanda na kushuka. Tena Enni aje hapa amalizie kikombe changu, ukingo bado unakwaruza. Ila kigoda aje nacho chake.

Mungu akupe afya, akufikishe nyumbani salama, na akukumbushe ahadi utakayotupa leo. Ni sisi wenye wivu na mwalimu wetu,

Wanafunzi wa Karakana ya Lehtola."

Bi. Raakel hakupiga makofi. Alitoa barua ya uhamisho mkobani, akaigeuza upande wa nyuma, akamwomba Saimi ile penseli.