Jaji Asiye na Shangazi

Benchi la kijiwe cha kahawa hapa Kambi Muru ni mlango wa kibanda cha Nafuna, ule uliobaki mzima mwenye ploti alipokibomoa. Namba ya kibanda bado inasomeka kwa rangi ya bluu. Nafuna alishtaki, kesi ikalala miaka miwili kwa kukosa jaji, naye akaendelea kuuza kahawa nje, juani. Sasa jaji amepatikana: kesi ni kesho, saa tatu. Asubuhi hiyo wateja wake watatu walikuwa wameukalia mlango huo. Walikuwa wakisikiliza redio, mjadala wa uteuzi wa majaji.

— Chombo huru cha kusimamia uteuzi wa majaji! Walubengo, aliyeitwa Wakili kwa kuwa amelala seli mara mbili, aligonga benchi. Ndiyo dawa!

— Na hiyo tume ya majaji iko sasa ni ya nini, buda? aliuliza Nashon, fundi viatu, ambaye kijiweni huitwa Komishna.

— Hiyo iko na marafiki. Hii mpya, ni watu hawana marafiki.

— Wala shangazi, alidakia Mukhwana mwenye mkokoteni. Shangazi ndiye huharibu. “Mwanangu, huyo mtu alitusaidia na matanga.” Kesi kwisha!

— Basi wafungiwe msitu wa Ngong, bila simu, alisema Komishna.

— Na wanaotaka ujaji wahojiwe nyuma ya pazia.

— Sauti je, Wakili? Sauti inajulikana.

— Waandike.

— Mwandiko pia unajulikana!

— Basi wanyamaze! Anayenyamaza kushinda wengine, huyo ndiye jaji.

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Shida ya majaji wetu ni woga, alimalizia Komishna. Wanaogopa wakubwa.

Hapo akafika Joan, msaidizi wa wakili anayemtetea Nafuna mahakamani, faili kwapani.

— Sasa? Ni nyinyi mlikuwa ndani kibanda kikibomolewa?

— Sisi wenyewe! Vumbi liliingia hadi kwa vikombe!

— Poa. Kesho nataka mashahidi wawili. Nani anakuja?

Redio ikatangaza sabuni. Wote watatu ni wapangaji wa mwenye ploti yuleyule. Mukhwana alikagua gurudumu la mkokoteni. Wakili alitazama ndani ya kikombe kitupu.

Nafuna akavikusanya vikombe, kimoja kimoja.

— Hongereni, waheshimiwa. Mmenyamaza vizuri. Sasa simameni. Shahidi wangu mmemkalia.

Yeye na Joan wakaubeba mlango wenye namba ya bluu.