Mama Jonasi na Ukurasa wa Sitini na Moja

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Tupokigwe Kibona, ambaye ofisi nzima inamwita Mama Jonasi, anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya ushauri elekezi, Dira Pana ya Tunduma, kwa miaka ishirini na moja. Kamati ya maandalizi ilikaa vikao vinne kuamua nani aandike wasifu wake. Nimepewa mimi kwa sababu sikuhudhuria kikao cha nne.

Mama Jonasi alizaliwa Ikinga, wilayani Ileje, akasomea uhazili Mbeya. Aliajiriwa mwaka 2004, wiki ileile Mkurugenzi wetu, Ndugu Enoka Silwimba, alipofungua ofisi kwenye barabara ya kwenda Sumbawanga. Mkurugenzi alikuwa ametoka Barbados, katika visiwa vya Karibiani, ambako kwa miaka mitano aliendesha ofisi ya kushauri mahoteli namna ya kujiendesha. Alirudi na suti mbili nyeupe na diski iliyojaa ripoti zilizokwisha kuandikwa, na hakuona sababu ya kuandika nyingine. Palipotajwa hoteli tuliweka jina la mteja. Palipotajwa Barbados tuliweka Tunduma.

Kazi ya kubadilisha majina hayo ilikuwa ya Mama Jonasi, kwa hiyo ndiye mtu pekee ofisini aliyezisoma ripoti zetu mpaka mwisho. Mwaka wake wa kwanza alikuta tumewashauri mawakala wa forodha wa hapa mpakani waandae mpango wa kujikinga na kimbunga cha baharini. Akaenda kwa Mkurugenzi na karatasi mkononi.

"Mkurugenzi, hiki kimbunga kitafika Tunduma kwa njia gani?"

"Huo ni utaratibu wa kimataifa, Mama Jonasi. Piga chapa."

Akapiga chapa. Mawakala walilipokea andiko kwa makofi, na wawili wakanunua majaketi ya kuokolea maisha.

Katika utumishi wake amepandishwa hadhi mara saba. Alianza akiwa Katibu Muhtasi, akawa Afisa Maarifa, kisha Mratibu wa Wadau, na leo anastaafu akiwa Meneja wa Mageuzi. Meza ni ileile iliyo karibu na mlango, na chai ameendelea kuichemsha yeye, kwa kuwa hakuna cheo kilichowahi kumpokonya birika.

Lakini jambo ambalo Mama Jonasi atakumbukwa kwalo lilitokea Itaka mwaka 2016, na ni haki nilieleze mimi, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Kikundi cha wakulima wa kahawa cha huko kilikuwa kinakufa. Walikuwa na mashine nzuri ya kumenya kahawa, ila kahawa yao ilikataliwa sokoni misimu miwili mfululizo kwa kunuka uchachu, na wanachama wakaanza kuondoka. Mwenyekiti wao, Mzee Yesaya, akaja kutuomba ushauri. Nikatumwa mimi. Nilikaa Itaka dakika arobaini, mvua ikatishia, nikarudi. Siku ya tatu nilikuwa na ripoti ya kurasa tisini na nne. Ilishauri mashine iuzwe na wafanyakazi wote wanane waachishwe.

Mama Jonasi alipofika ukurasa wa sitini na moja alinijia.

"Deus, hapa umesema wafunge kitengo cha ufukweni. Itaka kuna ufukwe?"

"Dada, hayo ni mambo ya kitaalamu. Yaache."

"Na hawa wanane umewaona?"

Sikuwa nimewaona. Nilimwambia idadi yao ilikuwa kwenye jedwali.

Aliomba likizo ya siku mbili, akapanda gari kwenda Itaka. Hakwenda na dodoso wala bango kitita. Alikaa kwenye benchi nje ya banda la mashine pamoja na Ketrina, mama anayeiendesha, wakamenya njugu. Wakulima walileta kahawa mbichi mchana wa Jumatano, wakaimwaga, wakaondoka. Mashine haikuwashwa. Mpaka Alhamisi jioni kahawa ilikuwa bado imerundikwa, imepata joto, inachacha.

Akauliza mbona mashine haiwashwi. Ketrina akamwambia ufunguo wa banda la mashine ni mmoja, na anao katibu wa kikundi, ambaye amepata kazi Vwawa na huja Ijumaa.

"Mmewahi kuwaambia wageni wanaokuja kuwashauri?"

"Wageni hutuuliza dira yetu," Ketrina alisema. "Hakuna aliyeuliza mashine inawashwa siku gani. Na katibu ni mtu mzima, tunaona aibu kumdai ufunguo."

Mama Jonasi aliniambia hayo yote aliporudi. Nilimsikiliza, nikamwambia ripoti imeshajalidiwa.

Siku ya kuwasilisha, tulikusanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Mkurugenzi alivaa suti nyeupe, projekta ikawaka, na kwa saa nzima wakulima walitazama michoro ya mishale inayozunguka. Mama Jonasi alikuwa amekuja kugawa nakala. Tulipofika ukurasa wa sitini na moja, Mzee Yesaya alinyoosha mkono.

"Mkurugenzi, ufukwe huu uko upande gani wa Itaka?"

Mkurugenzi akanitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu. Ndipo Mama Jonasi alipoweka nakala zake chini.

"Mwenyekiti, naomba nafasi. Kabla hamjauza mashine, chongesheni ufunguo wa pili, akae nao Ketrina. Kahawa ipitishwe kwenye mashine siku ileile inapoletwa. Jaribuni msimu mmoja tu."

Katibu wa kikundi, aliyekuwa mbele, alitoa ufunguo mfukoni, akautazama kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza, akampelekea Mzee Yesaya. Ripoti yetu haikufika ukurasa wa sitini na mbili.

Njiani, tulipopita Vwawa, Mkurugenzi aligeuka.

"Mama Jonasi, umenidhalilisha mbele ya wateja."

"Mkurugenzi, wale watu wanane walikuwa wamekaa mstari wa nyuma wanatusikiliza."

Mama Jonasi alikuwa na watoto wawili sekondari, na baadaye alinieleza kwamba aliamini kazi imekwisha. Kesho yake Mkurugenzi alimwandikia barua ya onyo. Kwa kuwa barua zote hupigwa chapa na Mama Jonasi, aliipiga yeye, akasahihisha makosa mawili ya lugha, akaipeleka isainiwe. Hakumwambia Mkurugenzi kwamba mimi nilijua habari za ufunguo nikanyamaza. Ninasema leo, mbele yenu.

Msimu uliofuata kahawa ya Itaka ilipokelewa sokoni, na wanachama wakarudi. Wote wanane walibaki kazini, na Ketrina sasa ni msimamizi. Wateja wengine wakaanza kuja ofisini wakimwulizia "yule mama". Mkurugenzi aliisoma hali. Siku hizi anafundisha warsha ya siku tatu iitwayo Mbinu ya Ufunguo wa Pili, yenye michoro ya mishale inayozunguka.

Wiki iliyopita Mkurugenzi alikwenda mwenyewe kwenye meza iliyo karibu na mlango, akavuta kiti.

"Mama Jonasi, ubaki nasi hata mwaka mmoja. Nikikosa mtu wa kusoma, nitaaibika."

"Mkurugenzi, Baba Jonasi amepanda miparachichi ekari mbili kule Ikinga. Tangu aipande nimeiona mara nne. Nakwenda kuitazama."

Mkurugenzi akauliza kama shamba hilo lina mpango mkakati.

"Lina miti," alisema Mama Jonasi, akamimina chai.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Dira Pana, asante, Mama Jonasi, kwa kila ukurasa. Uende Ikinga kwa amani, ukute mzee ni mzima na miparachichi imeshika maua.

Deus Mwampashi
Mshauri Mwandamizi