Tyubu ya Paka Mweupe: Tunamuaga Bi. Agnetha Lugembe

Bi. Agnetha Lugembe, mhudumu wa wodi katika kliniki yetu ya wanyama hapa Mtendeni, Tabora, anastaafu rasmi Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja na miezi kumi na moja. Wenzangu waliniomba niandike wasifu wake kwa kuwa mimi, Dkt. Emilian Ngollo, ndiye mfawidhi wa kliniki na nimefanya naye kazi tangu 2011. Nilikubali haraka, nikiamini namfahamu. Wiki mbili zilizopita niligundua kwamba simfahamu hata kidogo, na mpaka naandika mstari huu bado sijakaa sawa.

Nianze na yale niliyokuwa nayajua. Bi. Agnetha alizaliwa Kwihara mwaka 1965 na hajawahi kuhama. Aliajiriwa tarehe 1 Agosti 1993 kama mfagizi. Haikupita miaka miwili, waliokuwepo wakaona kwamba mbwa wakali wananyamaza akiingia na ufagio wake, wakamhamishia wodini. Tangu hapo amekuwa akija kazini kwa baiskeli, masika na kiangazi, na sikumbuki siku aliyochelewa. Watalii waliopotea njia ya kwenda kwenye tembe la makumbusho la Livingstone wamekuwa wakimsimamisha barabarani awaelekeze. Huwaelekeza, kisha huwauliza kama nyumbani kwao wanafuga paka, na paka hao wanakula nini.

Kwetu hapa anaitwa Mama Wilbroad, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kumbukumbu yake inatisha. Mwaka 2009, kabla sijafika, mbuzi aliyeletwa kutibiwa kwato alikula daftari la mahudhurio la mwezi mzima. Mama Wilbroad alikaa na kalamu akaliandika upya lote kutoka kichwani, pamoja na saa walizofika wachelewaji. Nasikia wako waliotamani mbuzi yule arudi amalizie kazi.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Wasomaji wa Tabora hawahitaji kuelezwa umuhimu wa paka. Wenye maghala ya karanga, mpunga na mahindi wanawafuga kwa kazi, na paka asipofanya kazi wiki moja panya wanajua. Paka akiugua, au akinyonyesha watoto wengi, hukonda haraka sana. Hamu ya kula inakata, na hata akila, tumbo lake halibebi chakula kingi. Dawa peke yake haimwinui. Anahitaji lishe nzito yenye nguvu nyingi ndani ya kijiko kimoja, kitu cha kulamba mara tatu kikamtosha kama mlo.

Lishe ya namna hiyo tuliipata mwaka 2013. Daktari wa kujitolea kutoka Denmark, mama mmoja mrefu tuliyemwita Dada Karen, alituachia maboksi mawili ya tyubu za bati laini, zile za kukamua kama dawa ya meno. Kwenye kila tyubu palikuwa na picha ya paka mweupe mwenye manyoya marefu. Tuliitoa bure kwa paka waliodhoofika, nami nikampa Mama Wilbroad kabati na ufunguo aitunze. Ufunguo aliuvaa shingoni, na kwa kuwa hatukuwahi kupungukiwa, hakuna aliyewahi kumwomba alifungue kabati hilo tuone.

Mimi nilijua, au nilijiambia najua, kwamba Dada Karen anaendelea kututumia. Kila Desemba niliandika barua ya shukrani kwa anwani ya shirika lake. Hazikujibiwa, nikasema Wazungu wana mambo mengi. Mwaka 2015 nikaona ile picha ya paka mweupe imefifia. Nikawaeleza wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kwamba kampuni imebadili chapa. Harufu nayo ilikuwa imegeuka ikawa ya samaki. Nikawaambia wameboresha ladha. Wanafunzi waliandika yote mawili kwenye madaftari yao, na popote walipo leo nawaomba radhi.

Wiki mbili zilizopita, nikitaka wasifu huu unoge, nilimtafuta Dada Karen mtandaoni. Nilimwomba maneno machache ya kumuaga Mama Wilbroad, nikamshukuru kwa kututumia lishe miaka yote hii. Jibu lake lilifika Jumanne tarehe 17. Alisalimia vizuri, akatusifu sana, halafu akauliza: lishe gani? Aliacha maboksi mawili, tyubu ishirini na nne kila moja, na tangu hapo hajatuma hata kipande cha karatasi.

Nilisoma jibu lile mara nne. Nilimwita Mama Wilbroad, na Shamila wetu wa mapokezi awe shahidi, nikaomba kabati lifunguliwe. Alivua ufunguo shingoni, akafungua. Ndani mlikuwa na tyubu tupu arobaini na moja, zimeoshwa na kupangwa kwa mstari. Palikuwa na bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, koleo, na daftari lenye jalada la bluu. Harufu ya dagaa ilitoka humo ikajaa chumba kizima. Shamila alishika mdomo.

Mama Wilbroad alieleza yote akiwa amesimama, mikono nyuma. Lishe ya Dada Karen iliisha Machi 2014. Tangu hapo amekuwa akiitengeneza mwenyewe kwao Kwihara. Dagaa wa Kigoma wanaoshuka na treni anawaosha chumvi na mchanga, anawakausha, anawatwanga kwenye kinu na kuwachekecha mpaka wawe unga laini. Anaongeza maini ya kuku, viini vya mayai ya kuku wake, na samli anayotumiwa na dada yake anayeishi Choma. Shamila alimuuliza mbona haweki asali, na hii ni Tabora, mkoa wa asali. Akajibu kwamba alijaribu, na paka hawana habari na utamu. Kila Jumatatu alijaza tyubu kwa lile bomba, akakunja kitako kwa koleo, akaziweka kwenye jokofu letu la chai ndani ya kopo la maziwa. Zilizobaki Jumamosi waligawiwa paka wa uchochoro wa nyuma. Hakuwahi kumwomba mtu yeyote chochote kwa kazi hiyo.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Sauti yangu ilikuwa kali, sifichi. Alinitazama kwa upole uleule anaowatazamia mbwa.

“Wewe ulikataa bakuli, daktari. Tyubu hukuikataa.”

Mwanzoni sikuelewa. Nilipoelewa nilitamani nisingeelewa. Machi 2014 Mzee Mfaume, mfanyabiashara wa karanga hapa Mtendeni, alimleta paka wake aitwaye Karani. Karani alikuwa amekula panya aliyekula sumu. Sumu tuliimaliza, lakini hakula kwa siku tano, akabaki mifupa na macho. Mama Wilbroad alileta kibakuli chenye uji mzito wa dagaa. Mimi, kijana mwenye shahada na koti jeupe, nilikimwaga kwenye ndoo ya taka mbele ya Mzee Mfaume na kusema kwamba hapa ni kliniki, si kwa mama ntilie. Mwanamke mwenye umri wa kunizaa, karibu, alisema tu sawa daktari. Kesho yake Karani alilamba lishe kutoka kwenye tyubu ya paka mweupe. Baada ya wiki mbili alikuwa ghalani anafanya kazi. Nilimpiga picha, nikaitia kwenye fremu, nikaandika chini yake: Nguvu ya Lishe ya Kisasa. Picha hiyo imening'inia mapokezi miaka kumi na moja, na mama huyu ameipita kila asubuhi na ufagio wake.

Ningependa kuandika kwamba hapo hapo nilimwomba msamaha. Sikufanya hivyo. Nilichukua ufunguo, nikapiga marufuku ile lishe, nikamwambia arudi nyumbani nitafakari kama sherehe ya kumuaga itafanyika. Miaka thelathini na mmoja, na nilikuwa tayari kumtoa kwa mlango wa nyuma, bila cheti cha heshima na bila hata chai. Alichukua baiskeli yake akaondoka, na yeye ndiye aliyefunga geti.

Wakati huo kizimba namba mbili kilikuwa na kitukuu wa Karani, paka jike wa ghalani kwa Mzee Mfaume, mwenye watoto watano. Alikuwa amenyonyesha mpaka mgongo wake ukahesabika. Niliagiza tyubu halisi kutoka Dar es Salaam, ikaja kwa basi Jumatano. Sitasema uongo ili hadithi ipendeze: paka aliilamba vizuri na akapata nafuu. Ila Jumamosi asubuhi iliisha, na muuzaji aliniambia nyingine ni baada ya wiki mbili. Nilisimama mbele ya kizimba na tyubu tupu mkononi. Watoto watano walikuwa wanasukumana kwenye tumbo lisilo na kitu, na mama yao ananitazama mimi.

Nikarudi ofisini nikalifungua lile daftari la bluu, ambalo kwa kiburi nilikuwa sijaligusa. Paka mia mbili na kumi na wanne wameandikwa humo, kila mmoja na jina lake, la mwenye paka, na uzito wake kabla na baada. Wawili wa mwanzo waliharisha, na pembeni ameandika: samli imezidi, punguza. Arobaini na watatu wana msalaba mdogo mbele ya jina. Taarifa zangu za kila mwaka zilisema paka zaidi ya tisa katika kila kumi wanapona. Daftari lake linasema wanane. Sikuwahi kuhesabu, nilikadiria kwa furaha. Yeye aliyejificha miaka yote hiyo ndiye aliyeandika ukweli, nami niliyetembea kifua mbele ndiye niliyedanganya.

Nilipanda pikipiki mpaka Kwihara. Njia nzima nilipanga maneno ya kusema, na yote yalinipotea nilipofika uani kwake. Alikuwa anatwanga. Shamila alikuwa ameshampigia simu kwamba tyubu imeisha, na mama huyu, aliyefukuzwa siku nne kabla, hakuuliza inamhusu nini. Nilimwamkia, shikamoo Mama Wilbroad, jambo ambalo kwa aibu yangu sikuwa nikilifanya kazini kwa kuwa mimi ni mkuu. Aliitikia marahaba, akaendelea kutwanga. Nikasema nimekosa. Nikasema tena. Akaniambia kwamba kama nimekuja kusimama, nisimame pembeni nisimzibie jua, na kama nimekuja kufanya kazi, mchi ndio huo.

Nilitwanga. Viganja vilinitoka malengelenge kabla ya nusu kilo. Aliupima unga kwa vidole, akasema bado, akanirudishia mchi mara tatu. Mchana tulirudi mjini tukiwa na kopo limejaa. Paka wa kizimba namba mbili alikula kutoka kwenye bakuli, mbele yangu na mbele ya Mzee Mfaume. Mzee alisema yeye alikuwa anajua tangu mwanzo, maana ghala lake liko karibu na wauza dagaa na pua yake haijazeeka. Kumbe tuliokuwa hatujui ni sisi wa kliniki.

Sherehe ipo, basi. Makabidhiano yalifanyika Ijumaa. Kwenye fomu, mstari wa lishe ya paka, niliandika kwa mkono wangu: imetengenezwa na Agnetha Lugembe, Kwihara. Kuanzia sasa itatolewa kwenye vikopo vyenye jina lake na tarehe ya kutengenezwa, na zile tyubu za paka mweupe zimestaafu pamoja naye. Picha ya Karani bado ipo ukutani, lakini maandishi yangu nimeyabandua. Anayetaka kujua Karani aliponywa na nini, amuulize Shamila, atasimuliwa mpaka achoke.

Limebaki jambo moja, na hili linatuhusu wafanyakazi wote. Miaka yote hiyo tulimtania Mama Wilbroad kwamba ananuka dagaa. Krismasi ya 2017 tulichanga tukampa sabuni za manukato, boksi zima limefungwa utepe, tukacheka mpaka machozi. Alishukuru na kuzipokea kwa mikono miwili. Ijumaa, nilipomaliza kutia saini ya kupokea kabati, kinu kidogo na daftari, aliingiza mkono kwenye mkoba wake akatoa sabuni moja, bado imo kwenye karatasi yake. Alinipa. Alisema ameitunza kwa ajili ya mtu atakayerithi kazi, maana naye akianza kunuka dagaa atajicheka peke yake.

Mama Wilbroad, kwa niaba ya kliniki yote, ya wenye maghala, na ya paka mia moja sabini na mmoja walioinuka, tunakushukuru. Mungu akupe afya, miguu ya kuendesha baiskeli unapotaka na si kwa sababu ya saa, na miaka mingi ya kukaa uani kwako huku mtu mwingine akitwanga. Jumatatu zamu ya kutwanga ni yangu. Mke wangu ameanza kulalamika kuhusu harufu ya nguo zangu, na ile sabuni nimeifungua jana. Utusamehe.