Mama Ila: Maisha ya Oliva Gervas Nandonde

Basi liliniacha pembeni mwa barabara pana isiyo na njia ya miguu, katika kaunti moja ya pembezoni mwa jiji, jimbo la Ohio, Marekani. Ilikuwa mchana wa tarehe 11 Oktoba 2014. Nyumba zilikuwa kubwa, nyasi zimekatwa kama kichwa cha askari, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumuuliza njia, kwa lugha yoyote ninayoijua. Kisha gari dogo likasimama, kioo kikashuka, na dada yangu akasema bila salamu: "Panda. Umechelewa, na mimi bado nina kaya kumi na moja."

Hivyo ndivyo marehemu alivyompokea mdogo wake ambaye hakuwa amemwona kwa miaka minne. Oliva Gervas Nandonde hakuwa mpole, na leo asisimame mtu mbele ya jeneza hili akasema alikuwa mpole. Aliniagiza mwenyewe mwezi Januari, akiwa kitandani: "Fredi, usije ukaniandika mpole. Wakikuambia nilikuwa mpole, waulize wamekuja kuzika maiti ya nani."

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Makote, wilayani Newala, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Gervas Nandonde na Mama Yuliana. Alijua kuhesabu kabla ya kujua kusoma. Alihesabu mikorosho ya baba na ndoo za maji zilizopanda kutoka bondeni. Akiwa na miaka tisa, kwenye mazishi ya babu yetu, padri alishukuru "umati huu usiohesabika", na sauti ya mtoto ikatoka kwenye mkeka wa wanawake: "Padri, ni mia tatu na sita. Watano wamelala." Mama alimfinya. Padri alicheka mpaka akavua miwani. Hata leo angetuhesabu, na wanaosinzia angewajua.

Alisoma shule ya msingi Makote kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, akaendelea na sekondari ya wasichana Masasi, na mwaka 1998 akahitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam shahada ya takwimu. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu. Mwaka 1999 aliajiriwa kama mtakwimu mkoani Mtwara. Sensa za mwaka 2002 na 2012 alifundisha makarani, na waliopita mikononi mwake wanakumbuka neno lake moja: "Usiandike unachotaka kusikia. Andika alichosema, mpaka nukta ya mwisho."

Tarehe 16 Juni 2001 alifunga ndoa na ndugu Benedikto Chitanda, mkulima wa korosho wa kijiji cha Chilondo, upande wa Mnyambe. Watu walisema msomi hatakaa kijijini. Benedikto aliwajibu: "Mimi nimeoa mtu, sijaoa cheti." Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Julia, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2003. Mwaka 2013 marehemu alipopata nafasi ya kusoma Marekani, maneno yalirudi: amemtoroka mume, atarudi na Mzungu, hatarudi kabisa. Waliosema hayo tunawajua. Wengine wamekaa mstari wa pili.

Huko Marekani alisoma, na ili apate kujikimu aliajiriwa na utafiti wa kaunti ile. Kazi yake ilikuwa kubisha hodi, kuuliza kaya ina watu wangapi, wa umri gani, wametoka wapi, na kama wana intaneti nyumbani. Kwenye ramani, kaunti nzima ilikuwa imepakwa buluu, yaani kila mtu amefikiwa na intaneti. Siku ile niliyoshuka kwenye basi nilizunguka naye. Kwenye nyumba za nyasi zilizokatwa kulikuwa na wazee wawili wawili waliobaki baada ya watoto kuhama. Nyuma ya maduka makubwa kulikuwa na maghorofa ya kupanga, na humo walijaa wageni: Wanepali, Wasomali, Wakongo wanaosema Kiswahili. Ndiyo maana walimwajiri yeye.

Mama mmoja wa Kikongo alitukaribisha kwa chai. Marehemu akamuuliza, "Mama, intaneti mnayo nyumbani?"

"Iko, dada," akasema yule mama. "Karibu, ongeza sukari. Ila watoto wanaenda kukaa kwenye maegesho ya maktaba ndiyo waipate. Jioni baridi inawaua."

Dodoso lilikuwa na visanduku viwili tu, ndiyo na hapana. Marehemu aliitazama ile karatasi, kisha pembeni, kwa herufi kubwa, akaandika ILA. Aliandika hivyo kwenye kaya kumi na nne mfululizo, mpaka msimamizi wake akamwita ofisini kumuuliza ila ni ugonjwa gani. Mtu mmoja tu alimfurahisha siku ile: ajuza wa Kimarekani aliyeishi peke yake mwisho wa barabara ya mashamba, ambaye kabla swali halijaisha alipiga kelele, "Hapana! Sina, sijawahi kuwa nayo, na waambie nimesema hivyo!" Tuliporudi garini marehemu alisema, "Bibi yule hana haya hata kidogo. Laiti ningempeleka Chilondo awe mwenyekiti."

Alirudi nyumbani mwaka 2016. Mwaka 2019 aliacha kazi kwa hiari, akahamia Chilondo kwa mume wake, kijiji ambacho, kwa karibu kaya zote, simu hushika mahali pamoja: juu ya kichuguu kikubwa nyuma ya shamba la Benedikto. Watu wakakipa kichuguu jina la Posta. Anayetaka kumpigia mwanawe Dar es Salaam anapanda Posta. Ujumbe wa mgao wa salfa ya kupulizia mikorosho unasomwa Posta, mara nyingi mgao ukiwa umeshapita. Siku za mvua Posta inateleza, na mtandao wenyewe unakatika.

Wageni mliotoka mbali mnapaswa kuelewa jambo moja kuhusu sisi. Mtu wa huku ukimuuliza habari, anajibu nzuri. Nyumba imeungua, nzuri, ila nyumba imeungua. Mtoto anaumwa, nzuri, ila mtoto anaumwa. Nzuri ni adabu, habari yenyewe iko baada ya ila. Anayeondoka kabla ya ila ameondoka na adabu, habari kaiacha mlangoni.

Mwezi Mei 2023 kampuni moja ambayo sitaitaja ilituma watafiti na vishikwambi vyao, ili ijue vijiji gani havina mtandao vipelekewe mnara. Marehemu alikuwa Lisekese kwenye harusi. Watafiti walimkuta mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Awadhi, wakamwamkia, wakamuuliza kama mtandao upo. Akajibu upo. Wakabonyeza ndiyo, wakaaga. Kwa bonyezo hilo, kijiji kizima kilipakwa buluu.

Marehemu aliporudi alikwenda moja kwa moja barazani kwa mzee. Shemeji Benedikto alikuwepo, na ndiye aliyenisimulia.

"Shikamoo, Baba Faridi. Umewaambia wageni mtandao upo?"

"Marahaba, Mama Julia. Kwani haupo?"

"Upo wapi?"

"Si pale Posta."

"Posta ni kichuguu, Baba Faridi! Uliwaambia ni kichuguu?"

"Nilikuwa nakuja huko. Nimesema upo, nameza mate niseme ila, wenzangu wameshawasha pikipiki."

"Kwa nini hukuanza na hapana?"

"Mgeni kasimama juani, maji hajanywa, nimpige na hapana mlangoni? Hayo mliyazoea huko kwenu Amerika. Sisi si watu wa hatuna."

"Sisi ni watu wa hatuna!" marehemu alisema. "Siku nikifa utawaambia nipo, ila nimelala."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Kuanzia siku ile wakaanza kumwita Mama Ila, kwa kejeli, na yeye akaitika kila alipoitwa.

Alichora dodoso lake mwenyewe lenye visanduku vitatu: ndiyo, hapana, na ila. Akapita kaya zote 214 za Chilondo kwa miguu, akikaa kila mlango mpaka mtu amalize kusema. Waliosema ndiyo ni watatu, wanaokaa juu, ukingoni mwa kijiji. Waliosema hapana ni tisa, akiwemo marehemu mwenyewe. Waliosema upo, ila, ni 202. Akaandika barua ya kuomba kijiji kipimwe upya, akaambatanisha matokeo, akaipeleka kwa mwenyekiti igongwe muhuri. Bila muhuri wa kijiji, hiyo ni karatasi ya mwanamke mmoja mgomvi.

Mzee Awadhi alikataa. "Nikigonga," alisema, "nimejiandika mwongo kwa mkono wangu." Marehemu alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Alirudi kwa mwaka mmoja na miezi minane. Alimwamkia kila mara, kwa shikamoo isiyosubiri marahaba. Wengi wenu mlimwambia aache, mzee ataaibika. Mlimwonea haya mzee. Hatukuona aliyewaonea haya watoto wanaoteleza Posta na simu mdomoni.

Mwezi Novemba 2023 aligundulika kuwa na shinikizo la damu, na mwaka uliofuata figo zikaanza kudhoofika. Alitibiwa Newala na Mtwara, na familia inawashukuru wote waliomhudumia. Akiwa kitandani aliendelea kuuliza jambo moja tu. Nilipofika mwezi Januari, kabla sijaweka begi chini, aliniuliza, "Umepita kwa Baba Faridi?"

Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, saa nane mchana, mvua ikinyesha, pumzi zilianza kumbana. Benedikto alikimbilia Posta na simu mbili, yake na ya mkewe. Alipiga mara kumi na moja kuomba gari, na mara zote sauti ile ya kike ikamjibu kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Mwishowe alimtuma mtu wa pikipiki mpaka Mnyambe. Gari lilifika saa kumi na robo. Marehemu alifariki saa kumi na dakika arobaini, njiani kwenda Newala, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Julia.

Hatusemi kwamba simu ingemponya. Daktari hajasema hivyo, na marehemu hangeniruhusu kuandika ambacho daktari hakusema. Tunasema kwamba gari lilichukua saa mbili na robo kufika, na kwamba alikuwa hai muda wote huo.

Asubuhi ya Jumapili Benedikto alipanda tena Posta kuwajulisha ndugu. Mvua ilikuwa imekatika. Mtandao uliposhika, simu ya marehemu ilitetemeka mfukoni mwake. Kampuni ile ilikuwa imemwandikia: "Mteja wetu mpendwa, furahia mtandao wenye kasi katika eneo lako." Benedikto aliketi pale pale juu ya kichuguu. Tulikwenda kumshusha.

Siku hiyo hiyo, alasiri, Mzee Awadhi alikuja msibani. Nilimwamkia, akaitika. Nikamuuliza, kama tunavyoulizana siku zote, "Habari za huko, mzee?"

Alifungua kinywa. Sote tulilijua neno linalokuja. Halikuja.

"Si nzuri," alisema. "Si nzuri, Alfredi."

Katika maisha yangu na ya marehemu, tukichanganya safari zetu zote, sijamsikia mzee wa huku akijibu hivyo. Dada yangu angetoa hata figo ili alisikie jibu hilo. Mzee hakukaa. Aliomba aione barua. Julia aliitoa chini ya godoro la mama yake, akampa kwa mikono miwili. Akaikunja, akaiweka ndani ya kanzu kwa sababu ya manyunyu, akaenda zake. Programu hii ya mazishi inapopelekwa Masasi kuchapwa, barua bado iko kwake, na muhuri uko kwake. Ninasoma maneno haya akiwa amekaa mbele yangu, nami sijui kama umegongwa. Baba Faridi, watu 202 walikujibia kwa ustaarabu wako mwenyewe. Wewe tu ndiye uliyebaki kumalizia sentensi.

Marehemu ameacha mume, Benedikto Chitanda; binti, Julia; mama mzazi, Mama Yuliana, ambaye hakustahili kuyasikia haya akiwa hai; ndugu watano, nikiwemo mimi; wakwe, mashemeji na wifi; na kaya 213 za Chilondo, ambazo kwenye ramani ya watu wengine zina kila kitu.

Miaka yote mimi ndiye niliyeondoka. Yeye alinisindikiza, akasimama mpaka basi lipotee, na baadaye alikuwa akiniandikia idadi ya abiria. Leo anaondoka yeye. Mimi nabaki Chilondo, mpaka barua ile irudi na muhuri, au irudi bila muhuri mbele ya watu wote. Mkipita kutujulia hali mkauliza habari za hapa, msiwashe pikipiki kabla hatujamaliza kujibu.

Apumzike kwa amani dada yetu Oliva. Ila sisi, bado.