Mwalimu Aliyeweka Mikono Mgongoni

Mwalimu tunayemsindikiza leo aliingia duniani Jumamosi, tarehe 14 Machi 1964, saa moja asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano wa fundi mitambo na mshonaji wa sare za shule. Baba yao alipenda kusema kwamba mtoto huyu alianza kuuliza maswali kabla ya kutembea. Mama yao alikuwa akimsahihisha: alianza kuuliza, akajibiwa, akauliza tena.

Mtoto akiwa na miaka sita, mama alitoka kidogo kumfungulia mteja mlango. Aliporudi, alikuta kola tatu zimeshonwa mahali pa mifuko, na mshonaji mpya amekaa kwenye cherehani, miguu haijafika chini. Mama hakupiga kelele. Alimpa kiwembe cha kufumulia, akamwambia, "Umeshona mwenyewe, fumua mwenyewe." Kufumua kulimchukua siku nzima. Miaka mingi baadaye alikuwa akisema kwamba hilo ndilo lilikuwa somo lake la kwanza la kompyuta.

Alianza darasa la kwanza Januari 1971 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1977. Elimu ya sekondari aliipata kati ya 1978 na 1981, na Januari 1982 akajiunga na chuo cha uhazili. Huko mwalimu wa kupiga chapa aliwafunika wanafunzi mikono kwa kitambaa cheusi ili wasichungulie herufi. Wenzake walilia. Yeye aliandika nyumbani kwamba amegundua vidole vina akili zao. Alihitimu Desemba 1983, wa kwanza darasani, ingawa aliomba jambo hilo lisitajwe hapa. Limetajwa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya mpiga chapa katika ofisi ya upimaji wa ardhi, mwaka 1984. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ofisini, mwaka 1989, ilikaa wiki mbili chini ya nailoni kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuiharibu. Siku ya kumi na tano Mwalimu alivua ile nailoni, akaikunja vizuri, akaketi na kitabu cha maelekezo mapajani. Kufikia 1992 alikuwa ameifundisha ofisi nzima, kuanzia karani wa masjala hadi mkurugenzi, ambaye alikuja wakati wa chakula cha mchana ili asionekane. Jumatatu ya tarehe 6 Septemba 1993, chuo cha ufundi kilimwajiri kufundisha kompyuta.

Siku hiyo ya kwanza alifanya kosa lililomtengeneza. Mtunza stoo wa hospitali, mtu mzima mwenye miwani minene, alikwama katikati ya zoezi. Mwalimu alimpokonya kipanya, akabonyeza mara tatu, mambo yakakaa sawa.

"Ahsante sana, Mwalimu," yule mzee alisema kwa upole. "Sasa kesho nikikwama, utakuja stoo kunibonyezea?"

Darasa liliangua kicheko. Mwalimu alicheka kuliko wote. Kisha akafungua tena zoezi lile upya, akarudi nyuma hatua moja, na mikono akaifunga mgongoni. Haikutoka huko kwa miaka thelathini na moja. Angeweza kusimama nyuma ya mwanafunzi robo saa nzima, akiuliza tu: "Unaona nini? Unataka nini? Umejaribu nini?" Wanafunzi walimbandika jina, Mikono Mgongoni, wakidhani halijui. Alikuwa analijua, na ndilo aliloliandika kwenye kikombe chake cha chai.

Nyumbani mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1988 alipeleka saa yake kwa fundi mmoja mwenye kibanda mkabala na posta. Kabla hajamaliza kueleza tatizo, fundi alikuwa ameshamvua saa mkononi, ameifungua na ameanza kuipuliza. "Nilidhani ni mwizi," Mwalimu alikuwa akisimulia. "Nilirudi mara nne kuhakikisha." Mara ya nne saa haikuwa na tatizo lolote, na wote wawili walijua. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 22 Julai 1989, na Mungu akawajalia binti, ambaye ni muuguzi, na mwana, ambaye ni mpimaji ardhi. Fundi Saa alibaki vile vile, mtu wa kumpokonya mwenzake kopo lisilofunguka, redio inayokoroma, hata sindano isiyopata uzi. Kitu kimoja tu hakukigusa, kompyuta ya mkewe. "Haina mshale," alisema. "Nitajuaje kama inakwenda?"

Vyuo vilipofungwa mwaka 2020, wengi waliamini kwamba somo la kompyuta limekufa, kwa kuwa kompyuta zenyewe zilikuwa zimefungiwa chumbani. Mwalimu aliwapigia wanafunzi wake mmoja mmoja, akagundua kwamba kila mmoja alikuwa na simu mkononi saa zote, tena nzuri kuliko yake. Akaamua kuwafuata huko huko. Alirekodi video za dakika mbili, akazituma kwenye kundi la simu la darasa. Alifungua nyaraka za pamoja, ambazo watu thelathini waliweza kuandika kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa kwao. Chuo kilipofunguliwa, aliomba darasa lake moja libaki mtandaoni kwa kudumu, ili walioajiriwa na wenye watoto wasome wakiwa popote.

Vijana wa darasa hilo walimfurahisha na kumchosha kwa kiasi kile kile. Kwenye kipindi cha kwanza aliuliza nani anajua kompyuta, na vidole gumba vikajaa skrini. Akawaambia wamtumie ukurasa mmoja waliouandika. Nusu ya darasa iliandika kwenye kompyuta, ikapiga picha kioo kwa simu, ikamtumia picha. Mmoja alisema faili lake limepotea.

"Liko wapi?"

"Limo ndani ya kompyuta, Mwalimu."

"Kompyuta ni nyumba, mwanangu. Limo chumba gani?"

Swali hilo likawa salamu ya darasa. Hata kwenye harusi zao waliulizana: limo chumba gani?

Mei 2022, mwanafunzi mmoja, binti aliyefanya kazi kwenye duka la vioo, alitaka kufuta sentensi yake moja katika waraka wa pamoja. Akafuta waraka mzima, kazi ya wiki sita ya watu thelathini. Kundi la simu likawaka moto. Mmoja aliandika, "Dada, umetuzika wote." Mwingine aliuliza kama kuna namna ya kumfuta yeye pia. Binti aliandika kwamba anaacha chuo.

Mwalimu angeweza kuurudisha waraka kwa sekunde kumi. Aliketi jikoni, mikono mgongoni, mbele ya simu iliyokuwa ikiruka mezani kwa ujumbe. Aliandika mstari mmoja tu: "Hakuna atakayegusa kitu isipokuwa aliyefuta. Binti, umekosea kushona wapi? Anza kufumua hapo." Zilipita dakika arobaini. Binti alitafuta kila kona, akaikuta orodha ya matoleo ya zamani ya waraka, akachagua la dakika moja kabla ya msiba wake. Kurasa zote zikarudi, pamoja na ile sentensi mbaya. Tangu siku hiyo anaitwa Kifutio, na leo ni mkufunzi msaidizi wa chuo. Kijitabu mlicho nacho mikononi amekipanga yeye.

Juni 2023, kidole gumba cha kulia cha Mwalimu kilianza kukataa amri. Novemba mwaka huo daktari alieleza kwamba ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, hauna tiba, na katika mwili wake umeamua kuanzia mikononi. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza sauti itadumu hadi lini. Daktari alisema huenda ikawa ya mwisho kuondoka. "Basi nina kazi bado," alijibu.

Agosti 2024 mikono yote miwili ililala. Darasa lake la mwisho, wanafunzi ishirini na saba, lilikuwa limebakiza miezi minne kufika mtihani wa Desemba. Mkuu wa chuo alimpigia kwa nia njema: Mwalimu apumzike, darasa livunjwe, wanafunzi waanze upya mwaka utakaofuata. Mwalimu aliijua hesabu hiyo. Wenye kazi wasingepewa ruhusa mara ya pili, na wenye watoto wachanga wasingerudi. Aliomba wiki mbili.

Binti yake muuguzi alijitolea kuwa mikono yake, akafukuzwa siku ya tatu.

"Nimekwambia ubonyeze nini?" Mwalimu aliuliza.

"Hujaniambia, Mama, lakini nilijua unachotaka."

"Ndiyo maana hufai. Niitie baba yako."

Fundi Saa aliketi mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza akiwa na miaka sitini na saba, lenzi yake ya kukuzia bado imebanwa kwenye paji la uso. Hakujua lolote, na ndicho Mwalimu alichokitaka. Kioo cha kompyuta yake kilionekana na darasa zima, jina lake likaandikwa kwenye daftari la mahudhurio, namba ishirini na nane, na Mwalimu akatangaza utaratibu mpya: wanafunzi wangemfundisha mzee huyu, na Mwalimu mwenyewe angewasikiliza.

"Mzee, bonyeza pale juu," alianza mmoja.

"Pale juu wapi? Juu kuna vitu kama duka la spea."

"Hapo, kushoto."

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Mzee, sote tunatazama upande mmoja!"

"Ninyi mko nyumbani kwenu. Mimi najuaje mmekaaje?"

Wanafunzi walicheka hadi wengine wakazima kamera. Lakini walilazimika kutaja kila kitu kwa jina lake na kila hatua kwa zamu yake. Vidole vyao vilivyozoea kukimbia kwenye simu sasa havikuwa na msaada wowote. Wiki ya pili walikuwa wakieleza jedwali na hesabu zake kwa utulivu ambao walimu wengi huutafuta miaka. Fundi Saa naye alijifunza jambo lililoishinda ndoa ya miaka thelathini na mitano, kusubiri aambiwe.

Alhamisi, tarehe 12 Septemba 2024, mkuu wa chuo aliingia kwenye kipindi kimya kimya kuja kutoa uamuzi. Alimkuta Kifutio akiongoza zoezi, Fundi Saa akitoa jasho, na Mwalimu kwenye kiti chake cha mto, akiuliza mambo yake matatu: unaona nini, unataka nini, umejaribu nini. Kipindi kilipokwisha, mkuu alijikohoza.

"Mwalimu, nilikuja kukuomba upumzishe mikono."

"Mkuu," alijibu, "hiyo mikono uliiona lini ikifanya kazi?"

Darasa halikuvunjwa. Tarehe 6 Desemba 2024 wanafunzi wote walifanya mtihani, na wote walifaulu, namba ishirini na nane akiwa wa mwisho kwa alama mbili. Cheti chake kimetundikwa kibandani mkabala na posta, katikati ya saa, na wateja husomewa kabla ya kuhudumiwa.

Januari Mwalimu aliagiza wasifu huu uandaliwe mapema, akapitia kila rasimu na kutoa maoni, ambayo mumewe aliyaandika pembeni ya waraka kwa kidole kimoja. "Darasa la kwanza nilianza 1971, si 1972. Msinipunguzie shule." "Picha huvutwa kwenye pembe, si ubavuni. Mmeninenepesha." "Hapa mmeandika 'mgonjwa' mara sita. Nilikuwa na shughuli nyingine."

Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025, adhuhuri, alisomewa rasimu ya mwisho katika chumba cha mbele, madirisha wazi. Sauti ilikuwa imebaki kama uzi. Fundi Saa aliketi kwenye kompyuta, mkono juu ya kipanya, tayari kumtumia Kifutio rasimu hiyo, hakuusogeza.

"Nibonyeze?" aliuliza.

"Umehifadhi?"

"Nimehifadhi."

"Limo chumba gani?"

Alimtajia folda, na folda iliyo ndani ya folda, na jina la faili, taratibu, bila kukosea hata moja. Mwalimu alitabasamu.

"Haya. Bonyeza, baba watoto."

Alitutoka kesho yake, Jumapili, saa nne asubuhi, nyumbani, akiwa na umri wa miaka sitini, siku thelathini na tatu kabla ya kutimiza sitini na moja. Mumewe alikuwa ameushika mkono wake, na safari hii hakuna aliyemkataza.

Ameacha mumewe Fundi Saa, binti na mwana, mkwe mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wajukuu wanne, wa mwisho akiwa na miezi minane na tayari ameshafuta picha za simu ya mama yake, kaka mmoja na wadogo zake watatu, mashangazi wawili, na wanafunzi wa miaka thelathini na moja, waliopo hapa na wanaofuatilia kupitia mtandao, ambao wanaombwa wazime maikrofoni zao.

Mikono yake imepumzika. Naye sasa apumzike, kwa amani.