Mwalimu Wagdi Basta Nakhla, Raia wa Nchi Isiyo na Ardhi (1961–2025)

Baba zetu makasisi, majirani, walimu wenzake, na ninyi nyote mliosafiri: mimi ni Sanaa, dada yake wa kumfuatia. Familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu. Nimemwomba Mungu anipe sauti ya kunifikisha mwisho.

Wagdi alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika mji wa Abu Qurqas, mkoa wa Minya, mtoto wa kwanza wa marehemu Basta Nakhla, karani, na marehemu Odette. Mama alipenda kusimulia kwamba neno lake la kwanza lilikuwa "sitaki", na kwamba alilitamka mbele ya sahani ya mboga ya mulukhiya.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapo hapo nyumbani, akahitimu mwaka 1979, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Asyut alikosomea jiografia. Alihitimu mwaka 1983. Kuanzia mwaka 1984 alifundisha katika shule za wavulana hapa Minya, hadi alipostaafu mwaka 2014. Wanafunzi wake wanakumbuka kwamba hakumpiga mtoto, na kwamba hakukubali jibu lolote bila kuuliza, "Nani amekwambia?"

Alifunga ndoa na Bi Nadra Samaan tarehe 15 Oktoba 1989. Siku ya posa baba mkwe alimuuliza, "Kijana, unampenda binti yangu?" Wagdi akajibu, "Nampenda, mzee, ila tarehe uliyotupangia siiwezi. Ni wiki ya mitihani." Watu walishika vichwa. Mzee alicheka mpaka akamwaga kahawa, na tarehe ikabadilishwa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Abanub na Fibi.

Mwaka 2017 mwanafunzi wake wa zamani alimwalika katika Jamhuri ya Nargisi. Kwa wasioijua, hiyo ilikuwa nchi iliyokuwa kwenye mtandao tu. Haikuwa na ardhi wala askari. Ilikuwa na bendera, stempu walizochora wenyewe, na bunge ambalo kila raia ni mbunge. Raia wake walikuwa wauza vitambaa, wauguzi na wanafunzi, Wakristo kwa Waislamu, wa miji yetu na wa nchi jirani. Hakuna aliyejulikana kwa jina wala sura. Kila mmoja alijichagulia picha, naye aliitwa kwa picha hiyo. Yule mwanafunzi wake, mwanzilishi wa Jamhuri, alikuwa Bata. Kaka yangu alikuwa Gudulia.

Walikutana jioni baada ya kazi, wakabishana juu ya maneno ya sheria zao. Sheria moja tu, ya urithi wa mtoto wa kike, ilimaliza msimu mzima wa baridi. Sisi nyumbani tulicheka. Nadra alimwambia, "Abu Abanub, nchi yenu haina hata choo, nanyi mnatunga sheria ya maji taka?"

Akamjibu, "Ndiyo, Umm Abanub. Ni nchi pekee inayoniuliza maoni yangu."

Desturi yao ilikuwa hii: pendekezo likisomwa, likakaa siku tatu bila mtu kulipinga, limekuwa sheria. Aliyenyamaza amekubali. Kaka yangu hakuwahi kunyamaza. Alipinga neno moja, alipinga kifungu kizima, na mara nyingi sheria ilitoka ikiwa bora. Bata alimtania mbele ya wote, "Gudulia, wewe hata sala ya Baba Yetu ungeisimamisha kwenye mkate wetu wa kila siku!"

"Bahati yenu," alisema Wagdi, "hiyo ilipita kabla sijazaliwa."

Basi wenzake wakamzoea hivyo. Wengine waliacha kabisa kusoma mapendekezo, maana Gudulia atayasoma.

Mwaka 2019 figo zake zilianza kushindwa, akawa anakwenda hospitali kusafishwa damu. Aliubeba ugonjwa huo kwa imani. Mwezi Septemba mwaka huu Jamhuri ilipata raia mpya, picha yake mti wa mtende. Alikuwa mpole, mwenye sifa kwa kila mtu. Mwezi uliofuata alileta pendekezo: "Kila raia atahudhuria vikao kwa uso wake, ili tuaminiane." Atakayeficha uso hatasema neno wala kupinga lolote.

Siku lilipoletwa, Wagdi alikuwa amelazwa kwa homa kali, hajitambui. Siku tatu zikapita kimya. Baadaye Bata alimpigia Nadra simu akilia. "Mama, kila mmoja wetu alilichukia. Kila mmoja alikuwa anamngoja Mwalimu alipinge."

Kikao cha kwanza walionyesha nyuso zao. Bata anasema walicheka kama watoto. "Kumbe Bata una upara!" Mtende peke yake alisema kamera yake imeharibika. Wiki iliyofuata muuguzi mmoja, raia wao wa siku nyingi, alichukuliwa kwenye lango la kazini kwake. Kisha mwanafunzi. Mpaka leo hatujui waliko. Tunaomba muwakumbuke katika sala.

Homa ilipoteremka Nadra alimweleza yote. Wagdi aligeukia ukuta. Kisha akaomba simu, akaniambia nimchane nywele.

Alipoingia kikaoni kwa simu hiyo, Bata alimsihi, "Mwalimu, usionekane. Umebaki wewe tu hawajakuona."

"Na asiyeonekana haruhusiwi kupinga," alisema Wagdi. "Hiyo ndiyo sheria mliyonipitishia. Sanaa, inua simu kidogo."

Nikaishika mbele ya uso wake. Akasema, "Mimi ni Wagdi Basta, wa Minya. Ninapinga. Ficheni nyuso zenu, futeni kila kitu, ondokeni. Msirudi kunitazama."

Wakaondoka mmoja mmoja. Ikabaki picha ya mtende peke yake. Tukasikia mtu akivuta pumzi, kisha sauti ya adabu ikasema, "Ahsante, Mwalimu. Sasa tumekufahamu."

Kesho yake mabwana wawili walifika wodini na matunda, wakamuuliza nesi ni akina nani huja kumwona mgonjwa. Waliendelea kuja. Wagdi alipokea Komunyo Takatifu Alhamisi jioni, akalala katika Bwana alfajiri ya Ijumaa, tarehe 7 Novemba 2025. Daktari alituambia ni moyo. Tumeyapokea maneno ya daktari, na yaliyobaki tumemwachia Mungu aonaye sirini.

Jana mabwana wale wale walikuja nyumbani kutupa pole. Walikunywa kahawa ya msiba, wakauliza kwa upole nani na nani watakuja leo, na kama wanaweza kupiga picha za waombolezaji. Jibu la familia ni hapana.

Marehemu ameacha mjane, Nadra, mwana, Abanub, binti, Fibi, na mumewe, wajukuu wawili, na mimi dada yake. Wengine aliowaacha hatutawasoma majina. Tunalosema ni kwamba kila aliyesimama hapa leo kumlilia Wagdi ni ndugu yetu wa damu. Atakayekuja kuuliza yule ni nani, nyumba yetu nzima, mdogo kwa mkubwa, itamjibu: ni wetu.

Bwana ampokee mtumishi wake Wagdi mahali pasipo na hofu, na awafunike kwa mbawa zake wale wanaorudi nyumbani kutoka hapa.