Ndani ya Kathedrali Iko Namna Gani

Ukija Kisangani ukaondoka bila kunywa kahawa ya Mwanahamisi, basi hukuja, ulipita tu. Kijiwe chake ni ubao mrefu juu ya matofali manne, pale Makiso, ukitazamana na mlango wa kathedrali. Mgongoni ni mto, na kelele za baleinière, zile boti kubwa za mbao, zinazoteremsha watu na mizigo. Kahawa ina tangawizi ya kukupigisha chafya, na mikate yake ya mafuta haikai kwenye sinia. Wakaaji ni walewale kila asubuhi. Kuna Papa Lukumani, fundi cherehani, wanayemwita Archives, yaani Nyaraka, kwa sababu hakuna kilichotokea mjini ambacho babu yake hakukiona. Kuna Édouard, mchuuzi wa maharage kutoka Butembo, jina lake la hapo Demi-Gros, yaani Nusu-Jumla, mtu ambaye hata hewa angeiuza kwa gunia. Na kuna Franck, anayebeba abiria kwa kinga, yaani baiskeli, zile ambazo mji mzima unaziita toleka. Yeye ni Sans-Frein: kinga yake haina breki za maana, na mdomo wake ndiyo kabisa.

Asubuhi hiyo Sans-Frein hakuwa na raha. Ana miaka arobaini na sita, kumi na tisa kati ya hiyo ameikanyagia pedali, na sasa goti lake la kulia kila jioni linavimba mpaka suruali inakataa kuvuka. Mama Euphrasie, mwenye nyumba ya wageni karibu na Poste, ofisi ya barua, alikuwa anatafuta mtu wa kuwatembeza wageni wake kwa miguu na kuwaonyesha mji: kathedrali, Poste, majumba ya zamani, na mwisho wavuvi Wagenia kwenye maporomoko. Kazi ya polepole, kazi ya mdomo. Alisema atapita kijiweni saa nne kumsikiliza. Na yule mama, kila mtu anamjua, akikukosa mara moja hakutafuti tena.

— Saa ngapi? aliuliza Sans-Frein.

— Tatu na nusu, alisema Mwanahamisi. Unaniuliza mara ya sita. Kunywa kahawa.

— Haishuke mu koo, yaya, alisema, kama kwa dada mkubwa.

— Bon, alisema Papa Lukumani, akaweka sawa mita yake ya kupimia shingoni. Mimi niko mugeni. Nimetoka Kinshasa, niko na chapeau mu kichwa, niko na kamera. Guide, hii kanisa ni nini?

— Ni kathedrali, papa. Ni ya zamani.

— Zamani namna gani?

— Zamani... sana.

— Mama yangu! Ata mutoto wa maternelle anajua kusema vile. Weka mu kichwa: matofali ya hii kanisa, balikoroga udongo na mayai ya bata. Babu yangu aliona na macho yake. Ju ya ile haibomoke. Vita ilipita hapa, ikarudi, ikapita tena. Kanisa iko inatuangalia tu.

— Mayai ngapi? aliuliza Demi-Gros.

— Mutu anahesabu mayai ya Mungu?

— Mimi nahesabu. Ukuta kama ule, sema gunia mia mbili.

— Mayai haiingie mu gunia, Demi-Gros!

— Ya kwenu ndiyo haiingie. Sisi batu ba Butembo, barabara yetu ilitufundisha kufunga mizigo.

Sans-Frein alikuwa amefumba macho, midomo inacheza: mayai ya bata, mayai ya bata, gunia mia mbili.

— Na Poste? alisema Mwanahamisi, akimimina. Musisahau Poste. Kule chini iko njia. Inapita chini ya mto, inatokea Lubunga, ng'ambo, kwa gare ya treni. Barua ilikuwa inavuka kavu, haiguse ata tone ya maji.

— Nani alikuambia ile?

— Bibi yangu. Alikuwa anafua nguo kwa mto, anasikia chini ya miguu: tchu, tchu, tchu.

— Treni? Chini ya mto?

— Kadogo. Ya barua tu.

Papa Lukumani hapendi kupitwa. Alivuta funda moja, akaliweka mdomoni, akalimeza taratibu.

— Njia iko, alisema. Lakini haikukuwa ya barua. Ilikuwa ya piano. Bazungu bote ba majumba makubwa ya hapa balikuwa na piano, na piano haipende mvua. Ukitaka kuhamisha piano Makiso, unaipitisha chini.

— Piano, barua, mayai, alirudia Sans-Frein, jasho linamtoka. Polepole, bapapa. Kichwa yangu si dépôt ya mizigo.

— Acha hayo yote, alisema Demi-Gros. Mugeni anakufia kwa Wagenia. Mimi nilipeleka ndugu yangu kule, mutu mukali, hacheke ata kwa ndoa. Alipoona ile miti imesimama mu katikati ya chute, ile maporomoko, bitunga bikubwa ya samaki imening'inia, na mutu anatembea pale juu kama iko kwa baraza yake, alivua kofia. Alibaki na kofia mu mukono mpaka tulirudi mjini! Sasa niambie: maji inabeba lori, miti inabaki. Nani alisimamisha?

— Bavuvi banasimamisha, papa, alisema Sans-Frein. Banafunga na kamba ya pori. Kila familia iko na nafasi yake.

— Aaa, wapi! Ile haisimamishwe. Iliota! Iko na mizizi mu jiwe.

— Iliota ikiwa imekwisha kufungwa kamba?

— Kamba nayo iliota.

Walicheka mpaka ubao ukacheza juu ya matofali. Papa Lukumani alingoja kicheko kiishe. Alipoinua kidole, hata Mwanahamisi aliacha birika.

— Sikilizeni. Yote ile ni kadogo. Angalieni mto. Inatoka Sud, kusini, inapanda Nord, kaskazini, tout droit, haipinde. Mamia ya kilometa! Inafika hapa Kisangani, inageuka. Ouest, magharibi. Ju ya nini?

— Ju ya nini, papa?

— Ju iliona kanisa. Ikasema: ah non, siwezi kupita uzuri namna ile bila kuzunguka nione na pembeni.

— Lakini mto ilitangulia kanisa, papa.

— Mto ilijua itajengwa.

Hakuna aliyebisha. Wote waligeuka wakautazama mto, mpana, wa rangi ya chai, na pirogue moja, mtumbwi mwembamba, inakata katikati bila haraka. Halafu wakaigeukia kathedrali. Wewe unaweza kuwacheka, na mimi nilicheka, lakini usidhani walikuwa waongo wabaya. Waliupenda mji wao kupita kiasi, na ukweli peke yake haukuwatosha, basi waliuongezea kidogo, kama mtu anavyomwongezea mgeni mchuzi.

Ndipo mama mmoja akapanda kutoka mtoni, kitambaa kichwani, ndala mkononi kwa ajili ya tope, na kitunga chenye bata wawili hai. Alikaa kwenye ncha ya ubao, taratibu, kama anaomba ruhusa.

— Mbote, bapapa. Mama, unipe kahawa.

— Karibu, mama, alisema Mwanahamisi. Unatoka mbali?

— Yahuma. Naitwa Simone. Nakwenda kwa dada yangu, kule Kabondo. Ni mara yangu ya kwanza kufika mu ville, mujini hapa. Alielekeza kidevu ng'ambo ya barabara. Ile ndiyo kathedrali?

— Ndiyo yenyewe! walijibu wote kwa pamoja.

Basi wakampa. Wakampa mayai, na Mama Simone akawatazama bata wake kwa huruma. Wakampa treni ya barua na piano, miti iliyoota na kamba zake, na mto uliogeuka kwa heshima. Sans-Frein ndiye aliyesema zaidi, akisimama, akionyesha kwa mkono, na mwenyewe alijisikia anakwenda vizuri. Kazi hii ni yangu, aliwaza. Goti langu linapona leo.

Mama Simone alisikiliza yote, akaweka kikombe chini.

— Aksanti sana, bapapa. Na ndani, iko namna gani?

— Ndani? alisema Papa Lukumani.

— Eh. Ndani ya kanisa.

— Mimi niko Muislamu, mama. Familia yetu tangu babu. Mimi najua inje.

— Na mimi vilevile, alisema Mwanahamisi haraka, akianza kupanguza birika lililokuwa safi.

Wote wakamtazama Demi-Gros, Mkatoliki wa rozari mfukoni. Demi-Gros alikohoa.

— Mimi naomba kwa paroisse yangu, parokia ya Mangobo. Hapa nilikuya siku moja, sikukuu kubwa. Batu balijaa mpaka barabarani. Niliona... niliona migongo.

— Miaka ngapi unakunywa kahawa hapa mbele? aliuliza Mwanahamisi.

— Ishirini na mbili. Wewe nyamaza.

Ikabaki zamu ya Sans-Frein. Ni watu wangapi amewafikisha kwenye mlango ule! Maharusi wameshika gauni lisinase kwenye mnyororo, wanakwaya, wajane, bibi mmoja mwenye jogoo wa sadaka. Kila mara alibaki nje, mguu mmoja chini, mkono juu ya kiti. Mwaka wake wa pili barabarani aliingia Poste dakika mbili, kinga ameifunga kwenye nguzo; alipotoka alikuta mnyororo umekatwa na nguzo iko peke yake. Tangu siku ile hajaingia popote kazini. Wagenia penyewe anaangalia kutoka barabarani, juu. Mji mzima ameuzunguka, na mji mzima anaujua kwa milango.

Alifungua mdomo. Angeweza kusema dhahabu, angeweza kusema marumaru na malaika, nani angembishia?

— Ndani iko... alisema, akageuka kuutazama mlango.

— Ni ju ya mama yangu, alisema Mama Simone, kama anayeomba radhi. Alibatizwa hapa, alikuwa musichana. Sasa macho yake ilikufa. Nikirudi ataniuliza, na hataniuliza mayai. Ataniuliza ndani.

— Si uingie, mama? Mulango iko wazi.

— Naogopa peke yangu. Na bata?

Sans-Frein alihisi aibu ikimpanda masikioni. Si aibu ya kuchekwa, hiyo ameizoea. Ilikuwa aibu ya mtu aliyekuwa anauza kitu ambacho hakuwahi kukionja.

— Saa ngapi? aliuliza.

— Nne kasoro dakika kumi, alisema Mwanahamisi. Sans-Frein, usifikiri vile. Mama Euphrasie iko njiani.

— Najua.

— Hatakungojea!

— Najua, yaya. Aliisukuma kinga mpaka kwa Demi-Gros, akamshikisha usukani, mkono wa kushoto, mkono wa kulia. Ushike na mikono. Si na macho. Na mikono!

— Franck, tutamwambia nini?

Hawamwiti Franck kijiweni. Hata yeye alishtuka.

— Mumwambie niko ndani.

Alivuka barabara na Mama Simone. Mara tatu aligeuka nyuma, na mara tatu akamwona Demi-Gros ameikumbatia kinga, na Papa Lukumani ana bata kila kwapa. Kwenye ngazi alitua. Kisha akaingia.

Kitu cha kwanza kilikuwa ubaridi. Baada ya jua la nje, ubaridi ule ulimshika shingoni akajikuta amevua kofia. Halafu ukimya, ila ukimya wenye vitu ndani yake: mbayuwayu wawili juu kabisa, ufagio wa mama mmoja kule mbele, shh, shh, na kila hatua ya Mama Simone ikirudi kwake ikiwa imekuwa kubwa. Mabenchi yalikuwa meusi, na pale watu wanaposhika wakisimama mbao zilikuwa zimelainika, zinang'aa. Mama Simone alizishika moja moja akipita, kila benchi, polepole, anaweka mkononi ili ampelekee mama yake. Alipofika mbele ya Bikira Maria alipiga magoti, na hakuwa tena na woga wowote.

Sans-Frein alisimama katikati, kichwa nyuma, anaangalia dari, na machozi yalimjia bila kumwuliza. Miaka kumi na tisa! Miaka kumi na tisa hatua ishirini kutoka hapa, na hakujua.

Alisikia viatu vigumu nyuma yake.

— Wewe ndiyo Franck?

Mama Euphrasie, miwani juu ya nywele, mkoba kwapani. Alimwangalia kuanzia ndala mpaka macho mekundu.

— Ndiyo, mama.

— Bale ba inje banasema unajua kila kitu ya Kisangani. Kuna mumoja amekumbatia vélo, hataki ata kunisalimia na mukono. Alors, nisikie. Hii kanisa, unaniambia nini?

Mayai yalikuwepo. Piano zilikuwepo. Mto ulikuwa tayari kugeuka. Na goti nalo lilikuwepo, linauma.

— Mama, leo ndiyo nimeingia mara ya kwanza. Sikuwe najua. Niliogopa kuacha kinga. Uniache kidogo nimalize kuangalia, kisha unifukuze.

Mama Euphrasie aliinua macho kwenye dari, pale Franck alipokuwa anaangalia, akabaki hapo muda kidogo.

— Wewe ni wa nne kwa hii kazi, alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Batatu balinieleza hii kanisa barazani kwangu, bamekaa, banakunywa sucré, soda yangu. Wewe ni wa kwanza kunikosea saa.

— Pardon, mama.

— Na wa kwanza nimekuta ndani. Bageni bangu banafika kesho, saa mbili. Utabaingiza fasi yote, ndani kabisa, unasikia? Na kwa Wagenia utatelemuka nao mpaka kwa maji.

Franck alitaka kupiga kelele ya furaha isikike mpaka Lubunga. Lakini Mama Simone alikuwa bado anaomba, basi alikaa kwenye benchi nyuma yake, akaushika ule ubao laini kwa mikono miwili, akangoja amalize.